Utepe Ukishakatwa: Klabu za Huduma na Mtaa wa Kizingo

Tarehe 1 Julai ya kila mwaka, klabu za Rotary na za Lions duniani kote hubadilisha uongozi. Rais anayeondoka huvua mkufu wa cheo na kumvika anayeingia. Picha hupigwa, chakula huliwa, na rais mpya huanza kuhesabu miezi yake kumi na miwili. Ikifika Juni 30 ya mwaka unaofuata, naye atavua. Kanuni hiyo ina hekima yake, maana haimwachi mtu akaihodhi klabu ya kujitolea hadi ikawa mali yake, kama ilivyo katika vyama vyetu vingi ambako mwenyekiti huzikwa na muhuri mfukoni. Lakini kwa maoni yangu ndiyo hiyo hiyo inayoeleza, kuliko jambo jingine lolote, kwa nini huduma za klabu hizi Mombasa zina sura moja mwaka nenda mwaka rudi: uzinduzi mwingi, matunzo haba.

Kizingo ni mahali panapofaa kulitazamia jambo hili. Ni ncha ya kusini ya kisiwa, penye mnara wa taa wa Ras Serani, Ikulu ya Mombasa, klabu ya gofu iliyoanzishwa 1911, na nyumba zenye bustani na walinzi getini. Barabara ya Mama Ngina inafuata ukingo wa bahari chini ya mibuyu iliyokuwapo kabla watu wengi wa leo hawajazaliwa, upande ule ule wa kisiwa uliokuwa na mji wa Kilindini kabla Wakilindini hawajahamia karibu na Mji wa Kale. Jioni ya Jumapili watu hukaa hapo na mihogo yao yenye pilipili na ndimu, wakiitazama feri inayokwenda Likoni. Mkondo wenyewe ni mwembamba, mtu wa miguu huuvuka bila kulipa, na bado ndio mpaka mkubwa kuliko yote katika kaunti hii. Huku wako watoaji: mawakili, madaktari, mawakala wa meli, wenye mahoteli, watu wa mnada wa chai. Ng'ambo wako wapokeaji. Nimetia chumvi, najua. Kizingo kuna mayaya na mabawabu wanaovuka kila alfajiri, na Likoni kuna wenye nyumba za ghorofa. Hata hivyo ukifuata msafara wa klabu yoyote siku ya mradi, mara nyingi utajikuta kwenye foleni ya feri.

Asili ya klabu zenyewe inajulikana, sitaikalia. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905 na wakili Paul Harris pamoja na wenzake watatu, kila mmoja na kazi yake, na desturi ikawa kuchagua wanachama kwa kazi zao ili klabu isije ikawa ya mawakili watupu. Lions ilizaliwa mji huo huo mwaka 1917 kwa juhudi za Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani aliyekuwa kipofu na kiziwi, aliwaomba Lions katika mkutano wao mkuu wawe watetezi wa vipofu, na tangu siku hiyo macho yakawa kazi yao kubwa. Rotary iliingia Afrika Mashariki kwa mlango wa Nairobi mwaka 1930, kisha ikashuka pwani. Mombasa ya leo ina Rotary ya Mombasa na ya Kilindini, ina Lions wenye vizibao vya njano, na ina vijana wa Rotaract na wa klabu za Leo. Wanawake waliachwa nje ya mlango hadi 1987 kwa Lions na 1989 kwa Rotary.

Jambo la 1987 na 1989 linachekesha kidogo ukiwa Mombasa, kwa sababu hapa wanawake walikuwa na vyama vyao vya nguvu zamani sana. Mwanahistoria Margaret Strobel, katika kitabu chake cha 1979 juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha jinsi vikundi vya ngoma ya lelemama vilivyokuwa na uongozi, michango, mahudhurio na vyeo, na jinsi cheo kilivyopatikana kwa kufanya karamu. Kikundi kimoja kikipika, cha pili hakilali mpaka kipike zaidi. Miaka ya 1950 ilipofika, na vyama vya maendeleo vya wanawake Waislamu vikaanza kuzungumzia elimu ya wasichana na masomo ya watu wazima, ujuzi wa kukusanya watu na fedha ulikwishafunzwa ngomani. Mashindano nayo yalihamia huko pamoja na ujuzi.

Kwa hiyo atakayesema klabu za huduma ni mambo ya kizungu yasiyo na mizizi hapa ajiulize mara mbili. Rotary humpa heshima ya Paul Harris Fellow mtu ambaye dola 1,000 zimeingia katika mfuko wake wa kimataifa kwa jina lake, na Lions wana Melvin Jones Fellow kwa kiasi hicho hicho. Pini huvaliwa kwenye ukosi wa koti na watu huihesabu. Bibi zetu wa lelemama wangeuelewa utaratibu huo bila mkalimani. Kutaka sifa hakuiharibu sadaka kiasi tunachodhani. Misikiti na shule nyingi za pwani zimejengwa na watu waliotaka majina yao yabaki. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na baadaye akawa Kadhi Mkuu, aliwasuta watu wake kwa kufuja mali katika sherehe huku elimu ikidorora. Swali lake bado ni zuri kwa klabu za leo: sifa inanunuliwa kwa kitu gani, na kitu hicho kinadumu hadi lini?

Kizingo kuna majibu ya zamani ya swali hilo, na yana paa na wodi. Hospitali ya Mombasa ilianza 1891, enzi za kampuni ya Waingereza ya IBEA, na mpaka leo inaendeshwa na chama kisichogawana faida. Hospitali ya Aga Khan, barabara ya Vanga, ilifunguliwa 1944. Pandya, hatua chache kutoka hapo, ilifunguliwa 1947 kwa kumbukumbu ya J. B. Pandya, mfanyabiashara na mwanasiasa wa Kihindi aliyefariki 1942. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo ya serikali. Zimetokana zaidi na watu waliokaa wakachanga, kila jamii kwa jamii yake kama ilivyokuwa desturi ya ukoloni, na ingawa dunia iliyozizaa imekwisha, zenyewe bado zinapokea wagonjwa. Mtu fulani, mwaka baada ya mwaka, aliwalipa wauguzi, akaziba paa, akanunua mashine mpya ya eksirei.

Alilipaje? Kwa bili za wagonjwa. Hapo ndipo penye mwiba ambao wapenzi wa taasisi kubwa hawapendi kuugusa. Hospitali iliyoanza kwa mchango ikadumu kwa bili itaelekea kidogo kidogo kwa wenye uwezo wa kulipa. Mama wa Mtongwe, upande wa Likoni, anayepita mbele ya majengo hayo akitoka kazini Kizingo, siku akiugua haingii humo. Anakwenda Hospitali Kuu ya Pwani, au zahanati ya mtaani kwake. Taasisi imetunzwa, ila waliotunzwa nayo wamebadilika.

Njia ya tatu, ambayo si ya bili wala ya msimu, ni wakf, na Mombasa ndiyo makao ya tume yake kwa Kenya nzima. Mtu huifunga nyumba, duka au shamba. Mali yenyewe haiuzwi wala hairithiwi, na kodi yake huhudumia msikiti, kisima, madrasa, maskini au uzao wake. Sheria ya mwaka 1951 iliyokuwa ikiisimamia ilibadilishwa na mpya ya 2022. Sitaki kuipamba. Malalamiko ya nyumba za wakf kukodishwa kwa bei ya chini kupita kiasi, na wapangaji kuachiana kama urithi, yamesikika Mji wa Kale kwa miaka mingi, na yanastahili kusikika. Hata hivyo wakf, hata ikizembewa kiasi gani, ina kitu ambacho mradi wa klabu kwa kawaida hauna: swali la nani atalipia paa likivuja liliulizwa na kujibiwa siku ya kwanza, kabla hata paa halijaezekwa.

Sasa tuiangalie klabu ikiwa kazini.

Kazi inayopendwa kuliko zote ni kambi ya matibabu. Mahema hupigwa katika uwanja wa shule, viti vya plastiki hupangwa, foleni huanza kabla jua halijapanda. Meza ya kwanza ni ya presha na sukari, ya pili ya daktari, ya tatu ya meno, ya nne ya macho, na mwisho kabisa dirisha la dawa. Madaktari wengi hujitolea kweli, bila malipo, siku yao ya mapumziko. Anayewabeza watu hao hajui thamani ya Jumamosi ya daktari wa Mombasa.

Lakini ndani ya foleni hiyo kuna magonjwa ya aina mbili, na kambi huyapa umbo moja. Kuna yanayokubali kumalizwa kwa siku: minyoo, jino bovu, chanjo, miwani ya kusomea. Mtoto wa jicho naye yumo humu, kwa kuwa upasuaji wake ni wa muda mfupi na mtu aliyeshikwa mkono asubuhi anaweza kurudi kwake akiona. Halafu kuna magonjwa ya maisha. Mwanamke wa miaka hamsini na tano anapimwa presha, inaonekana iko juu, anapewa vidonge vya wiki mbili na karatasi yenye ushauri wa kupunguza chumvi. Wiki ya tatu yuko pale pale alipokuwa, isipokuwa sasa anajua ana ugonjwa. Kwenye ripoti ya klabu amehesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa, na mwaka ujao, kambi ikirudi uwanja huo huo chini ya rais mwingine, atapimwa tena na kuhesabiwa tena.

Kuna hesabu ambayo ningependa klabu moja ifanye kwa karatasi na kalamu. Tangu Oktoba 2024, bima ya taifa ya afya imehamia Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, na kiwango cha chini kwa kaya isiyo na ajira rasmi ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kaya mia moja ni shilingi 360,000. Chukua gharama za mahema, vipaza sauti, fulana zenye nembo, usafiri na chakula cha wageni wa heshima, uziweke kando ya kiasi hicho, uone. Sisemi bima hiyo haina matatizo. Kila mtu aliyekaa dirishani akisubiri mtandao urudi anayajua. Ninasema kaya mia moja zilizolipiwa na kufuatiliwa mwaka mzima hazipigiki picha vizuri, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutolipiwa.

Lions wenyewe wanalijua somo hili upande wa macho. Hospitali yao ya macho ya Loresho, Nairobi, inafanya kazi mwaka mzima, na kambi zinazoizunguka zina mahali pa kumpeleka mgonjwa. Kusini ya hapa, Kituo cha Macho cha Kwale kimejenga utaratibu kama huo kwa miaka mingi: wahudumu wanaokwenda vijijini, wodi inayowasubiri waliopatikana, na siku za kurudi kuangaliwa. Kambi iliyofungwa kwenye kituo cha kudumu ni mlango wa kuingilia. Isiyofungwa popote humrudisha mgonjwa alikotoka.

Kazi ya pili ni maji. Kisiwa cha Mombasa hakijawahi kuwa na maji ya kutosha. Visima vyake vingi vina chumvi, na mabomba yanategemea vyanzo vya mbali kama Mzima, Marere na Baricho. Ndiyo maana tanki lenye nembo ya klabu juu yake ni mandhari ya kawaida katika shule za Likoni na vitongoji vya bara. Tanki na kisima ni mradi mzuri kwa rais wa mwaka mmoja: unaanza Septemba, unakwisha Machi, utepe unakatwa kabla ya Juni, na bamba linaandikwa mwezi na mwaka.

Pampu haisomi bamba. Takwimu za nchi ishirini za Afrika zilizokusanywa mwaka 2009 zilionyesha kwamba takriban pampu za mkono 36 katika kila 100 zilikuwa hazifanyi kazi. Zinakufa kwa vitu vidogo: mpira uliolika, fimbo iliyokatika, betri, ufunguo wa banda uliopotea na mlinzi aliyehama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunasema, na sekta ya maji imekuwa ikijenga ukuta ule ule kwa miaka arobaini.

Dawa yake, au sehemu yake, iko ng'ambo ya feri. Kwale ndiko pampu ya Afridev ilikojaribiwa na kusambazwa katika miaka ya 1980, kwa lengo la kupata pampu ambayo wanakijiji wenyewe wangeweza kuifungua na kuitengeneza. Miaka thelathini baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitia vifaa vya kutuma ujumbe kwenye mikono ya pampu, wakianza na majaribio ya Kyuso, kaunti ya Kitui. Pampu ikiacha kusukumwa, fundi anajua. Muda wa kutengeneza ulishuka kutoka karibu mwezi mzima hadi chini ya siku tatu. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa FundiFix, kampuni ya mafundi wa huko huko inayohudumia Kwale na Kitui: watumiaji hulipa ada ndogo ya kila mwezi, na pengo linalobaki huzibwa na mfuko wa udhamini uliowekwa kwa ajili ya matengenezo tu. Soma tena sentensi hiyo ukiwa na wakf akilini. Fedha imefungwa, matumizi yake yametajwa, na kazi yake ni kuweka kitu hai baada ya mtoaji kuondoka. Klabu ya Kizingo inayotaka kuchimba kisima cha ishirini ingefanya jambo kubwa zaidi kama ingeingia katika mfuko wa namna hiyo na kuvitunza kumi na tisa vya kwanza.

Usafi wa fukwe nitaupitia haraka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Agosti 2017, na bado chupa na vifuniko vinaletwa na kila wimbi. Vijana huja Mama Ngina na glavu, huzoa, hupima kilo, hupiga picha, huondoka, na wiki moja baadaye ufuo uko vile vile. Faida yake ni kwa wazoaji, kwa maana wanajuana na wanajifunza kupenda mji wao, na hilo si dogo. Taka zenyewe ni suala la magari ya kaunti na la viwanda vinavyouza chupa, na klabu yenye mawakili watano mezani ingeweza kuandika barua kali badala ya kununua glavu.

Kuna mahali, lakini, ambapo umbo la siku moja ndilo linalotakiwa hasa, na haki yao wapewe. Tarehe 6 Mei 2020, serikali ilifunga Mji wa Kale kwa sababu ya korona, siku moja na Eastleigh ya Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, na ulikuwa ni mwezi wa Ramadhani. Amri ilidumu mwezi mzima. Mji ule ni wa watu wanaokula walichokipata leo: wapagazi, wavuvi, wauza viazi karai, mafundi cherehani. Katika hali kama hiyo hakuna anayeuliza juu ya uendelevu. Unga, mchele, maharagwe na mafuta vilitakiwa kufika vizuizini siku hiyo hiyo, na watu wenye simu za wenye maghala na mazoea ya kufanya kazi pamoja walikuwa na thamani kuliko mpango wowote wa miaka mitano. Vivyo hivyo mgao wa futari wa kila mwaka: mfungo una siku zake, nao unakwisha. Kosa linaanza pale dharura inapogeuzwa kuwa mtindo wa kazi yote.

Na kwamba klabu hizi zinaweza kufanya kazi ya muda mrefu, ushahidi upo, tena mkubwa. Rotary ilianza mpango wake wa kutokomeza polio duniani mwaka 1985. Mwaka 1988, Shirika la Afya Duniani na wenzake walipojiunga, ugonjwa huo ulikuwa ukiwapooza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi zaidi ya 125. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya shirika hilo ilithibitishwa kuwa haina tena virusi vya asili vya polio. Hapo katikati marais wa Rotary walibadilika zaidi ya mara thelathini. Hakuna aliyeruhusiwa kuja na mradi wake mpya na kuiweka polio kando. Kila aliyeingia aliukuta mzigo, akaupokea, akaukabidhi.

Uganda nako wamelifanya hilo kwa kipimo chao. Tangu 2012, klabu za Rotary nchini humo zimekuwa zikiandaa mbio za kila mwaka za kuchangia matibabu ya saratani katika hospitali ya Nsambya, Kampala. Mbio ni zile zile na hospitali ni ile ile. Rais anayeingia huukuta umma ukingoja siku hiyo. Mwaka mmoja haujengi wodi ya saratani. Miaka kumi inajenga. Sijaona sababu ya watu wa Mombasa, wenye bandari, mahoteli na ndugu waliotapakaa hadi Muscat na Dubai, kushindwa kuchagua jambo moja na kulishikilia kwa kadiri hiyo.

Au sababu ninayo. Inahusu nani anakaa mezani. Mikutano hufanyika hotelini, kwa Kiingereza, juu ya sahani ya chakula inayolipiwa na kila mwanachama, na ada ya kimataifa inahesabiwa kwa dola. Rotary ililegeza masharti ya mahudhurio mwaka 2016, na tangu hapo klabu zinaweza kukutana mara mbili kwa mwezi badala ya kila wiki, kwa njia zinazoona zinafaa. Mlango umepanuka kidogo. Bado ni nadra mwalimu mkuu wa shule iliyopewa tanki kuwa mwanachama wa klabu iliyolitoa, na nadra zaidi mama wa kamati ya kisima. Wanaalikwa siku ya uzinduzi kutoa shukrani. Matokeo yake ni kwamba tanki likipasuka, mwenye habari hana njia ya kumfikia mwenye uwezo, labda kwa kusoma namba ya simu kwenye bamba, na namba hiyo ni ya rais wa miaka sita iliyopita.

Wakati huo huo Likoni na Mji wa Kale vimejaa vikundi vinavyofanya kazi ya matunzo kila wiki bila kuiita huduma: chama cha akina mama cha kuzungushiana pesa, jumuiya ya mazishi, kamati ya madrasa. Sheria ya mwaka 2022 ya kusajili vikundi vya kijamii imevipa njia rahisi ya kutambuliwa na kufungua akaunti. Kikundi cha wanawake ishirini waliochangiana shilingi mia mbili kila Ijumaa kwa miaka minane kina rekodi ya uaminifu ambayo klabu nyingi zingeionea wivu. Watu hao wakikabidhiwa mfuko mdogo wa matengenezo, na hesabu zikasomwa hadharani kila robo mwaka kwa Kiswahili, ninaamini pampu zingeishi.

Inasemekana klabu hizi angalau hazina siasa, na ni kweli zina kanuni hiyo. Baada ya maandamano ya vijana ya 2024, Rais Ruto aliwakataza maafisa wa serikali kushiriki harambee, kwa sababu mchango wa hadharani ulikuwa umegeuka kuwa jukwaa la kampeni na mlango wa kuhalalishia fedha zisizojulikana zilikotoka. Klabu ya huduma ingeweza kuwa mahali safi pa kutolea. Ila hata hapa mgeni wa heshima wa siku ya uzinduzi mara nyingi ni mheshimiwa, na mheshimiwa haji bila maikrofoni.

Ombi langu kwa klabu za Kizingo ni moja, na halihitaji mfadhili. Kabla ya tarehe 1 Julai ijayo, chagueni wanachama wanne, mtafute fundi, mpande feri bila vizibao na bila mpiga picha. Nendeni kwenye kila tanki, kisima, choo, maktaba na chumba cha kompyuta mlichokifungua katika miaka kumi iliyopita. Andikeni kipi kinafanya kazi, kipi kimekufa, kilikufa lini na kwa kukosa nini. Kisha ibandikeni orodha hiyo mahali watu wanapopita, kwa Kiswahili, pamoja na majina ya watakaorudi kutengeneza. Rais mpya apewe orodha hiyo pamoja na mkufu, na mradi wake wa kwanza utoke humo.